Sindano za Solfrid

Jumapili hiyo Solfrid aliacha kufuma, akasema, "Siku ya harusi yetu ulikanyaga shela langu, likachanika."

Oddvar, mumewe, nusura amwage kahawa. Kweli lilichanika. Lakini tangu homa ya ubongo imwangushe, mwaka mzima sasa, mkewe hakukumbuka siku hata moja ya maisha yake. Daktari wa mjini Bergen aliwaeleza: kumbukumbu za matukio zimefutika, za maana ya mambo zimebaki, ndiyo maana alijua mfalme ni nani, na za mikono ziko salama salimini. Mikono ile ilifuma soksi usiku na mchana bila kukosea.

"Umerudi, mke wangu?" Oddvar alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Niulize lingine, mzee."

Akamuuliza habari za Marit, binti yao aliyekufa maji akiwa na miaka sita. Akasimuliwa jino lilivyong'oka, na alivyolificha kwenye glasi ya maziwa. Chumba kikanuka mwani uliooza. Oddvar akatazama chini, akaona sindano zinamponyoka Solfrid, vidole vinazishika ovyo kama mtoto aliyepewa kijiko kwa mara ya kwanza. Aliogopa hasa. Kesho yake akauliza tena.

Mchungaji Eldbjørg alipokuja kuibariki nyumba, kama wachungaji wa huko wanavyofanya kwa nyumba zenye mauzauza, aliitazama mikono ile, akamvutia Oddvar jikoni.

"Huyo si Solfrid. Mwenyewe angejua kufuma. Hilo pepo limekula siku zake, sasa linakutega wewe. Mimi nitaomba, ila mwenye nyumba ndiye wa kulifukuza."

"Nikilifukuza, nitamsikia wapi tena Marit wangu? Niachie wiki moja tu, Mchungaji."

Wiki hiyo aliketi karibu na kile kinywa asubuhi hadi jioni, akiuliza na kujibiwa, akicheka na kulia, na kila kisa alichosimuliwa kilimtoka kichwani papo hapo, naye hakuhisi kitu, maana aliyesahau hajui kwamba amesahau.

Ijumaa Mchungaji akarudi, msalaba mkononi. "Haya, Oddvar. Liambie litoke. Kwa ajili ya Marit!"

Oddvar akamkodolea macho kwa adabu. "Marit ndiye nani, Mchungaji?"

Kinywani mwa Solfrid kikatoka kicheko chembamba cha mtoto wa kike. Mchungaji alikijua, ndiye aliyembatiza Marit.

Oddvar hakukijua. Alitabasamu tu, akamkaribisha mgeni kahawa.