Wivu Ulinifanya Nifute Sauti ya Mama

Nina miaka thelathini na tisa, ni fundi cherehani hapa Same mjini. Haya ninayoandika sijamwambia hata mchungaji wangu...

Kwetu ni Bombo, huko juu milimani. Tumezaliwa wawili, mimi na mdogo wangu Namkunda. Baba alipofariki niliacha shule nimsaidie mama shambani, Namkunda akasoma hadi chuo kikuu. Sikulalamika. Angalau mama alikuwa wangu.

Mwaka juzi Namkunda alirudi na kazi. Taasisi ya chuo inayochunguza namna ya kutumia akili mnemba bila kudhulumu watu ilitaka kompyuta zijifunze Chasu, lugha yetu Wapare, ila kwa ridhaa ya wenye sauti. Wa kwanza kurekodiwa akawa mama yetu.

Kila nilipopanda Bombo niliwakuta barazani, mama anasimulia, uso umechangamka. Akiniona tu ananyamaza, anacheka, ananituma chai. Mimi niliyemwogesha alipovunjika nyonga, leo natumwa chai! Mwenzangu anapewa hadithi, mimi napewa birika? Wivu ulinikaba hadi nikawa nakosea vipimo vya wateja.

Fomu ya ile taasisi ilisema mwenye sauti akibadili mawazo, rekodi zake zote zinafutwa na haulizwi sababu. Hapo nikapata upenyo. Namkunda alipokwenda semina Dodoma, nilimwambia mama kwamba sauti yake itatumika kutapeli watu kwenye simu, aje aitwe tapeli hadi kanisani. Maskini mama, aliniamini... Akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kujitoa.

Niliipeleka mwenyewe ofisini kwao. Dada wa pale akaniuliza, "Mama ameelewa vizuri? Tukishafuta, hairudi tena."

Nikamjibu ameelewa. Nilitoka pale nimefurahi, Mungu anisamehe.

Namkunda hakuruhusiwa kumuuliza mama sababu, ndiyo sheria yao. Aliumia kimyakimya, nami nikaona nimemweza.

Haikupita miezi minne, mama akapata kiharusi. Ulimi ukawa mzito, hakusema tena hadi tunamzika.

Baada ya mazishi Namkunda alinishika mkono, analia. "Dada, zile rekodi zilikuwa zako. Mama alisimulia ulivyozaliwa, ulivyoacha shule kwa ajili yetu. Alikuwa anaona haya kuyasema mbele yako. Akaniambia nikusikilizishe siku akiwa hayupo."

Nilikaa chini pale pale, nikamweleza yote. Aliachia mkono wangu, akaondoka, na hadi leo hapokei simu zangu.

Ndugu msomaji, una wivu na ndugu yako? Mwambie usoni. Gombaneni, nuneni, mtapatana. Nakusihi usitende kwa siri kama nilivyotenda mimi... Nikiwa kwenye cherehani huwa najaribu kukumbuka mama alivyokuwa akiniita jina langu, na siku hizi sikumbuki vizuri.