Matone Matupu Yaliyong'aa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Daktari, alifungua friji kwa ufunguo wake akakuta kichupa hakipo. Kilikuwa na kimeng'enya, protini ya kuharakisha kemikali, kilichofanya kazi mara nne zaidi ya vingine vyote, na wageni kutoka kwa wafadhili walikuwa waje kukipima saa sita. Mpelelezi alipofika saa tatu, ufunguo wa pili wa friji ulikuwa umeshapatikana kwenye aproni ya msafishaji, Mama Pacha, mjane wa mdogo wake Daktari. Mwanamke wa watu alikaa na pingu mikononi, kimya.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Daktari alisema. "Na kazi nilimtafutia mimi."

Mpelelezi aliugeuza ufunguo mkononi. Mwizi gani huyu, aibe halafu ashinde na ufunguo mfukoni? Akamgeukia fundi wa mashine, aliyekuwa amerudi kutoka likizoni asubuhi ileile.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Kioo hiki kina mifereji myembamba kuliko unywele. Matone ya maji yanapita ndani ya mafuta. Bakteria akiwa na kimeng'enya kizuri, tone lake linang'aa, mashine inalichagua. Tunaweka bakteria wachache makusudi, wasiingie wawili tone moja. Kwa hiyo matone mengi ni matupu, na matupu hayang'ai."

"Nionyeshe video ya siku kilipopatikana."

Tone tupu liling'aa. La pili nalo. Fundi akasogeza uso kwenye skrini.

"Hii ni rangi tu ya kung'aa, imemiminwa humu."

"Nani aliendesha mashine?"

"Daktari mwenyewe. Ndiye aliyenipa likizo."

Mpelelezi alifunga daftari lake. Miaka ishirini alitafuta vilivyoibwa, hakuwahi kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Daktari, wageni wangepima wakakuta patupu. Ulihitaji mwizi kabla ya saa sita."

Daktari aliketi taratibu. "Miaka sita bila jibu. Wangeifunga maabara."

"Na ufunguo?"

Ndipo Mama Pacha akafungua kinywa. "Alinipa jana jioni. Akasema, shemeji, nishikie. Nikanyamaza, nikijua atasema mwenyewe."

Mpelelezi alimfungua pingu. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Nisamehe, shemeji," Daktari alisema.

Mama Pacha alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. "Pacha wangu wapo getini. Wametoka shule waje waone baba yao mkubwa akipigiwa makofi. Nenda ukawaambie wewe, mimi siwezi."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.