Doa Juu ya Wembe wa Mgeni

Jua lilikuwa linazama juu ya paa za mji wa Fesi, na mimi nilitaka kufunga duka nikapike supu. Mume wangu, Buaza, kinyozi mwenye majivuno mengi kuliko wateja, alikuwa chumba cha nyuma akikohoa. Kazi yake kunyoa. Yangu kunoa.

Akaingia mtu. Kanzu nzito, kofia ya kanzu imefunika uso hadi puani. Ananuka kafuri, ile ya kuoshea maiti.

Hakusalimia. Akaweka wembe juu ya meza.

"Unoe. Halafu usafishe. Lisibaki doa."

"Na wewe salamu umeiacha kwenu?" nikamuuliza.

Akausogeza wembe karibu yangu.

Nikanoa, nimalizane naye. Jiwe, mafuta ya zeituni, upande huu, upande ule. Kunoa si shida. Shida ni lile tope jeusi la chuma linaloganda kwenye makali. Nikalifuta kwa kitambaa, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kama inavyotakiwa. Nikaosha kwa sabuni. Nikakausha.

Likabaki doa moja. Jeupe, kama ukungu.

Nikalifuta. Likatoka.

Likarudi.

Nikafuta tena, safari hii nikabana kitambaa palepale. Kule nyuma kikohozi cha Buaza kikakatika ghafla... kisha nikasikia akikoroma kama kuku anayechinjwa. Nikaachia kitambaa. Doa likarudi. Buaza akavuta pumzi.

Likafifia. Likakolea. Likafifia.

Nikasikiliza kifua chake kupitia pazia. Doa na kifua vilikwenda pamoja.

Nikauweka wembe chini. Ile ilikuwa pumzi ya mume wangu, imekaa juu ya chuma cha mtu mwingine!

"Futa," mgeni akanong'ona.

"Halitoki."

"Linatoka. Nimeona."

"Basi sifuti. Chukua wembe wako hivyo hivyo, ondoka."

"Mchafu siuchukui. Nitangoja."

Akaketi kwenye kiti cha kunyolea. Kiti chetu kile hulia hata akikikalia paka. Hakikulia.

Nikaukunja wembe ndani ya mpini wake, nikausukuma kwake juu ya meza. Hakuugusa. Pazia likafunguka, Buaza akatoka, macho mekundu, mikono kiunoni.

"Zohra! Mteja anangoja nini?"

"Anaondoka. Rudi ndani."

"Ameambiwa na nani aondoke? Hebu." Akaunyakua wembe, akaufungua, akauinua kwenye mwanga. "Mungu wangu, nini hiki? Unampa mtu wembe una ukungu? Unataka mtaa mzima wanicheke?"

"Buaza, usifute."

"Ati?"

"Usifute, nakuomba! Ni pumzi yako hiyo!"

Akamgeukia mgeni, akacheka. "Umemsikia? Nimeoa kichaa, bwana wangu. Usimjali."

Nikaurukia mkono wake. Akanisukuma kwa kiwiko, nikaangukia mabeseni. Tena vinyozi wa kwetu hawamalizii kazi kwa kitambaa. Humalizia kwa kiganja.

Shwaa. Upande mmoja.

"Usinifundishe kazi, mwanamke."

Shwaa. Upande wa pili.

Wembe ukang'aa kama maji.

Akampa. Mgeni akaupokea, akasimama, na safari hii kiti kikalia. Mlangoni akageuka.

"Mungu akulipe, fundi," akasema.

Mvuke ukamtoka mdomoni. Baridi ya siku ile ilikuwa inatutoa moshi sote, na yeye tangu aingie hakuwa ametoa hata kidogo.

Buaza hakuanguka. Hakufa. Alikula supu bakuli mbili, akalalamika chumvi.

Asubuhi akasogea kwenye kioo cha dukani apunguze masharubu, pua karibu iguse. Mimi nilikuwa nyuma yake, na pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye pembe ya kioo nikichungulia begani kwake.

Mbele ya mdomo wake kioo kilikuwa safi.

"Unaangalia nini?" akanifokea.

"Siangalii kitu."

Bado anafoka. Bado ananyoa watu, na wateja wanasema mkono wake umekuwa wa baridi mno. Mimi nimehamishia godoro langu jikoni, na wembe mmoja chini ya mto. Mlango wa jikoni naufunga kwa ndani.

Na kila jioni, kabla sijaufunga, husimama nje akaniuliza kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake:

"Zohra... ule wembe wako wa jikoni, umeusafisha? Lisibaki doa."