Tangi la Chumba cha Kusubiri

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, na Karani alilicheka. Samaki walikataa kumtazama.

Aliyewahi kufuga samaki wa mapambo anajua tabia yao. Hawana shukrani wala hawana haya, lakini mkono unaoleta chakula wanaujua. Ukisogelea kioo tu wanakukimbilia midomo wazi, kama wageni walioona sahani zikitoka jikoni. Asubuhi ile Karani aligonga kioo, akanyunyiza chakula, na hakuna aliyegeuka. Malaika wawili, wale bapa wenye mapezi marefu kama shela. Molli wanne weusi tititi. Gapi wenye mikia ya rangi rangi, ambao hakuna anayejua idadi yao maana huzaa kabla hujamaliza kuhesabu. Hata yule msafishaji mvivu anayebandika mdomo kiooni kutwa kucha: wote walikuwa upande mmoja, vichwa vimeelekea kitandani. Chakula kilipita mbele ya macho yao kikazama.

"Kumbe leo mmefunga?" aliwauliza, akaenda kazini.

Kitandani alilala mama yake. Alikuwa mkunga mstaafu, na nusu ya watu wa mtaa ule mikono yake ndiyo iliyowapokea duniani. Miezi kumi na minne iliyopita kiharusi kilimchukua upande wa kulia, na ulimi. Karani hakuwa na tamaa kubwa. Hakuomba mama asimame. Aliomba amsikie akimgombeza, mara moja tu, kwa sauti ile ile iliyowahi kumtoa juu ya paa la jirani akiwa na miaka saba. Muuguzi wa zahanati alipomwambia kwamba kutazama samaki hushusha presha na kumchangamsha mgonjwa, alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyepewa dawa.

Tangi alilipata ofisini. Yeye alikuwa karani wa masjala, mahali faili huingia kwa urahisi na kutoka kwa miujiza. Nje ya mlango wa mkurugenzi kulikuwa na chumba cha kusubiri, na humo, kwa zaidi ya miaka ishirini, lilikaa tangi la samaki la lita mia na ishirini. Mkurugenzi mpya aliagiza kila kisichokuwa kwenye orodha ya mali kiondolewe. Tangi likatafutwa kwenye orodha, halikuonekana. Kwa hiyo, kiserikali, halikuwepo. Na kitu ambacho hakipo hakina wa kukiiba. Karani aliandikiwa kibali cha kuondoa "nafasi iliyo wazi, moja, ya kioo", akagongewa muhuri.

Aliyempinga alikuwa mtu mmoja tu, mpika chai wa ofisi, mama mtu mzima aliyeitwa na wote Bi Birika.

"Samaki chukua, mwanangu," alisema akimwangalia akijaza madumu. "Maji yamwage."

"Bi Birika, maji mapya yatawaua. Yana dawa ya bomba. Haya ya zamani ndiyo yaliyoiva, yana vijidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu. Anayefuga samaki habadilishi maji yote kwa mpigo. Hilo ni kosa la mtoto."

"Hivyo visivyoonekana ndivyo ninavyokwambia mimi." Alishusha sauti. "Nimepitisha chai humu miaka kumi na tisa. Mtu anaingia kafura, anataka haki yake leo leo. Wanamwambia akae hapo. Anatazama samaki. Nusu saa, kanyamaza. Saa nzima, nampelekea chai, ananiuliza, eti mama, mimi nilikuja kufuata nini hapa? Kuna mzee alikuja kudai shamba lake. Alirudi nyumbani hakumbuki kama aliwahi kuwa na shamba."

"Hiyo si ofisi yetu tu. Ofisi zote ziko hivyo."

"Cheka. Bosi wa zamani naye alikuwa akicheka. Alisema tangi linaleta utulivu. Akaagiza viti vingine viwekwe."

Karani alicheka. Alibeba maji yote, madumu sita ya lita ishirini ishirini, bila kumwaga tone. Mfugaji mzuri.

Wiki ya tatu mama alianza kuchezesha mdomo. Ulifunguka, ukafumbika, ukafunguka, ukafumbika, bila sauti, polepole, kama malaika wale wakivuta maji. Mke wa Karani ndiye aliyeona.

"Mwenzangu, angalia macho yake pia. Tangu nimeingia hajapepesa."

"Presha imeshuka. Muuguzi alisema atatulia."

"Huku si kutulia. Na chumba kinanuka."

Kilinuka kweli. Si harufu ya mgonjwa, ambayo walishaizoea. Ilikuwa harufu ya ukungu na karatasi zilizoloana, harufu ambayo Karani aliijua kuliko jasho lake mwenyewe, maana ndiyo harufu ya masjala msimu wa mvua. Alifungua dirisha. Harufu haikutoka. Aliinama kumbusu mama kwenye paji la uso, akagundua inatoka mdomoni mwake.

Juu ya kabati dogo karibu na mto aliweka chupa ya beta, samaki mpiganaji, mwekundu kama pilipili. Beta hakai na mwenzake. Akiona dume jingine hutanua mapezi na mashavu mpaka anakuwa mara mbili ya ukubwa wake. Paka hamsumbui, mtu hamsumbui. Mchana mmoja Karani alimkuta ametanua kila alichonacho, anatetemeka, anaupiga kioo kwa pua. Alitafuta samaki mwingine, labda taswira kwenye kioo cha dirisha. Hakukuwa na kitu. Mbele ya chupa ulikuwepo uso wa mama tu.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, umeme ulikatika. Pampu ya hewa ilikoroma ikazima, na Karani, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda akimlisha mama uji, alisubiri ule ukimya ambao mfugaji huuogopa, maana pampu ikizima samaki wana saa chache tu. Ukimya haukuja. Mapovu yaliendelea, bul bul bul, taratibu, kwa mpigo ule ule, ilhali ndani ya tangi maji yalikuwa yametulia kama kioo juu ya kioo, na samaki wote wamesimama katika mstari wakitazama kitandani. Naye akasogeza sikio huku na huku, kwenye bomba la pampu, kwenye dirisha, kwenye chupa ya beta, kila mahali isipokuwa pale ambapo masikio yake yalishajua tangu mwanzo, hadi kijiko kikamtoka mkononi, akageuka, akaona koo la mama linavyopanda na kushuka.

Kisha mama akasema.

"Mwanangu. Umekula?"

Miezi kumi na minne! Karani alipiga magoti akalia kama mtoto, hakujali mapovu wala harufu. Alimwita mkewe. Mkewe alisimama mlangoni, mikono kwenye aproni, hakuingia.

"Mama ameongea! Mwambie tena, mama!"

Mama alimgeuzia mke yale macho yasiyopepesa. "Faili lako halijaonekana," alisema kwa upole. "Njoo kesho."

"Huyo si mama," mke alinong'ona.

"Ugonjwa huo. Ubongo unatafuta maneno."

"Ubongo wa mkunga unatafuta maneno ya ofisini kwenu? Ameyasikia wapi?"

Toka siku hiyo Karani alichota alichotaka akaacha asichotaka. Mama aliposema "umekula?" alijibu. Aliposema "andika barua", au "mhusika yuko kikaoni", alijifanya anapanga mito.

Alhamisi alitoka kazini mapema akamkuta mkewe kwenye kiti mbele ya tangi, kitunguu kilichomenywa nusu mkononi. Kilikuwa kimekauka. Jikoni sufuria ilikuwa imeungua hadi kuwa nyeusi.

"Unafanya nini?"

"Nakaa."

"Tangu saa ngapi?"

Alifikiri, akatabasamu kama mtu aliyeulizwa jambo la mbali. "Binti amepiga simu kutoka bweni," alisema. "Amejitaja jina, nikamwambia amekosea namba. Sauti nzuri, masikini. Analia. Ni nani yule?"

Ni mtoto wao wa pekee. Hilo Karani hakuweza kulipangia mito.

Mganga aliyeitwa hakuwa na mkia wa mnyama wala kibuyu. Alikuwa na leseni ndani ya fremu, begi la mkononi, na fomu yenye nakala tatu. Alifika Jumamosi mchana, akaiweka leseni juu ya kabati ili wahusika wote waione.

"Jina la pepo, kama linajulikana?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Halijulikani."

"Naandika 'halijajitambulisha'. Limeingia lini?"

Karani alimweleza yote, pamoja na maneno ya Bi Birika. Mganga aliacha kuandika. Alichovya kidole kwenye tangi, akakinusa, akakifuta haraka.

"Hilo halina jina kwa sababu halijawahi kuitwa," alisema kwa sauti ya chini. "Linakaa tu, linatazamwa. Anayelitazama, linamchota. Ofisini lilipata vijiko. Hapa umelipa mtu mzima, usiku na mchana, asiyeweza kugeuza hata shingo."

Karani alimtazama mama, kisha tangi.

"Kile lilichomchota mama yako kimo humo ndani. Mkono ulioyaleta maji ndio utakaoyamwaga, nje, juani, yote. Kikibaki kikombe, limebaki zima."

"Na mama?"

Mganga aliitazama leseni yake, kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa pale. "Chake kitamrudia. Lakini mwili ule sasa unasimamishwa na mpangaji. Akitoka, sijui kuta zitasimama muda gani. Fomu haina sehemu ya kuahidi hilo."

Samaki walihamishiwa kwenye beseni. Karani akachota.

Ndoo ya kwanza ilipomwagika uani, harufu ya masjala ilitanda mpaka mbwa wa jirani akabweka. Ya pili, mke kwenye kiti alishtuka, kitu kikamwangukia usoni kama kofi, akalitaja jina la binti yao, akalitaja tena, akakimbilia simu akilia. Ya tatu, mama alipepesa macho.

Ya nne iliporudi tupu, mama alikuwa amemgeukia, na jasho halisi lilikuwa juu ya mdomo wake. "Mkunga hana mkunga," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, yake. "Nilikuzaa peke yangu. Ulitanguliza miguu, mkaidi wewe."

"Mama."

"Inua ndoo vizuri. Unamwagia sakafu, nani atapiga deki? Mke wako si punda."

Alikuwa anagombezwa. Karani alicheka na kulia kwa pamoja, akaichota ya tano, akaimwaga. Alipoingia tena aliona midomo ya mama imekuwa ya buluu na kifua chake kinapanda kwa shida, kama mtu anayepandisha mzigo ngazi moja moja. Mganga alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake, anahesabu, na hakupenda hesabu yake.

Ndani ya tangi yalibaki maji ya kimo cha shubiri moja.

"Hayo yaache," mama alinong'ona. "Kaa nami."

Karani alisimama na ndoo. Alitazama yale maji, na yale maji, ndivyo alivyohisi, yalimtazama yeye. Na katika muda ule ambao hakuna aliyeupima alijaribu kujua ni nani aliyesema, mama anayeogopa kufa au mpangaji anayeogopa kuhamishwa, akapima sauti, akapima pumzi, akapima yale macho yaliyopepesa na kusita na kupepesa, na kila alipokaribia jibu aligundua kwamba halitaki, kwamba angependa kubaki hapo hapo, kabla ya kujua, siku zake zote.

"Mwaga," alisema mkewe, aliyekuwa amerudi na kusimama nyuma yake.

"Amesema niache."

"Mama yako alikata vitovu maisha yake yote. Anajua kinachotakiwa kukatwa, na anajua mtoto atalia. Mwaga, mume wangu. Nakuomba."

Karani aliiweka ndoo chini.

Hakuna aliyepiga kelele. Mganga alikusanya vitu vyake, akaenda kwenye sehemu ya matokeo, akaandika: "Mteja ameghairi." Akampa kalamu. "Hapa, na hapa, na hapa." Nakala moja alimwachia. Leseni aliibeba kwapani, kioo kimeelekezwa mwilini kwake, asijione wala asione.

Mke alikwenda chumbani. Droo zilifunguliwa, zikafungwa. Karani aliwarudisha samaki kwenye maji yaliyobaki, akajazia kidogo kidogo maji ya bomba yaliyolala siku nzima, kama kitabu kinavyoagiza. Aliwasha pampu. Samaki walijipanga. Midomo ya mama iliacha ubuluu, kifua kikatulia, macho yakafunguka na kubaki wazi. Karani alivuta kiti.

"Mwanangu," ilisema sauti ile, nzuri, haina mkwaruzo hata kidogo. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

Alikaa. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Palikuwa na utulivu mkubwa, na mikia ya gapi ilipepea kama vitambaa vya watu wanaoaga kwa mbali. Baadaye alisikia hatua, akageuka. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye begi, macho mekundu, amemkodolea kana kwamba anasubiri neno fulani kutoka kwake. Uso wake ulikuwa wa upole. Karani aliona ni aibu kumwacha mgeni asimame, akainuka akampisha kiti.

"Karibu, dada," alimwambia. "Umekuja kumwona mgonjwa? Anaendelea vizuri."