Rimiksi Isiyo na Pa Kupumulia

Msimu wa kahawa stendi ya Mbinga haina adabu. Wakulima wameshalipwa, mitumba imetandikwa mpaka kwenye magurudumu ya mabasi, na kila kibanda kina spika yake inayoshindana na ya jirani. Katikati ya fujo hiyo Ottilia alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, akisubiri lori la kumrudisha kwao Lundo, kando ya ziwa. Usipa wake, dagaa wa ziwani, ulikuwa umekwisha tangu asubuhi. Alivaa gauni la kitenge cha njano na kilemba cha kitambaa hichohicho, na macho ya watu yalimrudia mara mbili mbili.

Nyuma yake palikuwa na kibanda cha gemu, ambamo vijana walichezea gemu za televisheni kutwa nzima. Humo ndimo ulimotoka muziki wa ajabu. Ulikuwa ule wimbo wa gemu ambao kila mtu pale stendi aliujua, apende asipende, ila safari hii ulipigwa kwa kinanda na kutiwa ngoma chini yake. Ottilia alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili, na mwanakwaya hawezi kusikia wimbo akauacha upite. Akaufuata kwa kuuimba chinichini, akaufuata, akaufuata, mpaka pumzi ikamwishia akapaliwa. Akabaki anacheka peke yake.

"Dada, unaucheka wimbo wangu?"

Kijana alisimama mlangoni, mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi na miguuni kavaa ndala. Aliitwa Hyasinti, mtu wa kijiji cha Mapera, ndiye aliyekuwa akiendesha kibanda kile.

"Najicheka mwenyewe, kaka. Huu wimbo umeutunga wewe?"

"Si kutunga. Ni rimiksi. Nimeutoa kwenye gemu nikaupanga upya, nikarekodi kwenye kaseti. Vipi, si mzuri?"

"Nani kasema mzuri?"

"Watu wote!"

"Kuna hata mmoja aliyejaribu kuuimba?"

Hyasinti akageuka kuitazama spika yake.

"Hauna pa kupumulia," Ottilia alisema. "Unakimbia toka mwanzo mpaka mwisho kama mwizi wa kuku."

"Ni wa mashine, dada. Mashine haipumui."

"Lakini wewe unapumua. Usinikasirikie. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Sijakasirika. Ila usipa wako umeninukia mpaka kwenye kinanda."

"Basi leo kinanda chako kimeonja kitu cha maana!"

Wakacheka. Lori lilipopiga honi, Hyasinti alilikimbilia akampa soda dirishani, akasahau kwamba chupa inatakiwa kurudishwa. Jumamosi iliyofuata Ottilia aliirudisha mwenyewe, ingawa angeweza kuituma.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi, usipa ukiisha, Ottilia aliketi kibandani akasikiliza. Ngoma imezidi. Hapa umerudia bure. Hapa, aa, hapa pametulia. Hyasinti alifuta na kurekodi upya, na Ottilia alipofumba macho kusikiliza, yule kijana alisahau hata kuwatoza wateja. Siku za kati walipigiana simu. Lundo mtandao ulipatikana juu ya mwamba mmoja tu nyuma ya mashamba ya mihogo, na jioni pale juu palijaa watu, kila mmoja akipayuka mambo yake.

"Sauti ya Pili wangu, umekula?"

"Nimekula. Usiniite hivyo, kuna watu."

"Waambie nao wakuite hivyo."

"Una wazimu, Hyasinti."

"Wa nani?"

"Wangu," alinong'ona, na mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akaguna.

Sasa mapenzi, jamani, yana ujinga wake. Siku moja Ottilia alisema rimiksi mpya imekuwa mbaya kuliko ya kwanza. Alisema kama alivyozoea. Lakini Hyasinti hakucheka. Alikifunika kinanda kwa shuka, na majuma mawili hakukigusa. Ottilia akaingiwa na hofu. Nitamwambia kasoro mpaka lini? Itafika siku atachoka na wimbo, na mimi nichokwe pamoja nao.

Alimweleza shangazi yake Vitalia, ambaye Ottilia alilala kwake kila alipokuja mjini.

"Mwanangu," alisema shangazi, "mwanamume hasemwi kila siku. Msifu. Sifa haina gharama."

Na Ottilia, aliyekuwa na masikio makali kuliko watu wote wa stendi, akalisikiliza hilo.

Haukupita muda Tobias, rafiki wa Hyasinti, akamwomba rimiksi yake ipigwe siku ya harusi yake Kigonsera, maharusi watakapoingia ukumbini. Hyasinti alifanya kazi kama mtu aliyerukwa na akili. Kisha akapiga simu, akaweka kaseti, akaisogeza simu karibu na spika. Juu ya mwamba, kidole kimoja sikioni kuzuia upepo, Ottilia alisikiliza. Mwanzo ulikuwa mtamu. Katikati, Mungu wangu, ngoma ilichomoka ghafla ikaanza kukimbia. Maharusi gani wataweza kutembea kwa mwendo ule?

"Vipi, Sauti ya Pili?"

Neno lilikuwa mdomoni tayari. Akakumbuka ile shuka.

"Nzuri, mpenzi wangu. Nzuri sana."

"Kweli?"

"Kweli."

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Ottilia alivaa gauni la bluu lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, na moyo ulimdunda kuliko wa bibi harusi. Maharusi waliingia, hatua moja, wanasimama, hatua nyingine, wanasimama. Watu wakapiga vigelegele. Ikafika katikati. Bwana harusi akaongeza mwendo, bibi harusi akabaki na mguu juu, msimamizi akakanyaga shela. Ukumbi ukaangua kicheko. Mshereheshaji akadaka kipaza sauti: "Fundi, tuwekee ule wa siku zote!"

Hyasinti aliichomoa kaseti yake, akaitia mfukoni. Alimkuta Ottilia nje, karibu na masufuria ya pilau.

"Pale katikati," alisema taratibu, "ulipasikia?"

Angeweza kukana. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameshaimaliza.

"Nilipasikia."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye simu."

Hyasinti alitikisa kichwa. "Wa kuniambia nzuri ninao, Ottilia. Stendi nzima. Wa kuniambia ukweli nilikuwa naye mmoja tu."

"Niliogopa kukupoteza."

"Umenichekesha," alisema, bila kucheka, akaondoka.

Baada ya hapo simu iliita bila kupokelewa. Ottilia alipanda mwambani jioni baada ya jioni, akashuka, mpaka yule mama akaacha kuguna akaanza kumwonea huruma. Ufukweni alipindua usipa juani, na ule wimbo haukumtoka kichwani. Aliumia, tena sana. Alimpenda Hyasinti, na kitu pekee alichompa ambacho watu wengine hawakuweza kumpa, alikuwa amekinyang'anya mwenyewe kwa mikono yake miwili. Uchungu ulipomzidi akaazima redio ya kaseti ya kwaya, akajifungia ndani, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Hyasinti. Mwanzo ni mzuri, na hili sikudanganyi. Katikati pabaya. Ngoma imekuja kwa sababu ulitaka watu washangae, si kwa sababu wimbo uliiita. Sikiliza." Akauimba wote, polepole, na kila alipovuta pumzi aliiacha isikike. "Hapa. Na hapa. Nilikosea kwa kutokukuambia. Ukikasirika, kasirika kwa ajili ya ukweli, siyo ule uongo wangu."

Alimkabidhi dereva wa lori kaseti hiyo. Majibu hayakuja.

Kisha alasiri moja lori lilisimama Lundo, na kutoka juu ya magunia ya mahindi akashuka mtu mrefu, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi, amekumbatia kitu kilichoviringishwa shuka. Wanawake wa ufukweni waliacha kupindua usipa.

"Usiniulize hali kwanza," Hyasinti alisema. "Sikiliza."

Akakiweka kinanda chake cha betri juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akapiga. Ulikuwa wimbo uleule wa gemu, lakini sasa ulikwenda na kutua, ukaenda na kutua, na kila ulipotua Ottilia alijikuta anavuta pumzi. Machozi yakamtoka hadharani. Ulipokwisha, Hyasinti alimtazama.

"Vipi?"

Ufukwe wote ulimsubiri. Ottilia alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mwisho bado. Umeuharakisha."

Hyasinti akacheka mpaka akashikilia mtumbwi. "Nilijua! Niliuharakisha kwa sababu nina neno. Ottilia nataka kuleta wazee kwa baba yako kabla ya mvua barabara haijaharibika na mama ameshakubali na shangazi yako pia kwa hiyo usinikatalie nimekuja na lori la..."

"Hyasinti."

"Naam?"

"Hujaacha pa kupumulia. Rudia."

Akasimama wima. Akavuta pumzi, akaitoa. Mawimbi madogo yalipiga mchanga.

"Ottilia," alisema. Akatua. "Nikuoe?"

"Hiyo," Ottilia alisema, "ni nzuri."

Hyasinti hakumuuliza kama ni kweli.