Habu ya Kuramochi

Haya yalimpata rafiki yangu Isomura, fundi wa magari ya mashindano huko Gunma, Japani, na akiyasimulia mpaka leo hanitazami usoni.

Siku za kukimbiza magari uwanjani, gari likiingia kupumzika, Isomura hugusa kwa kiganja habu, vile vitovu vya magurudumu. Iliyo moto kuliko nyingine, beringi yake imekwisha. Siku ile, habu moja ya gari la dereva Kuramochi ilimuunguza; akamwonya, naye Kuramochi akacheka.

"Acha woga bwana, mzunguko mmoja itavumilia!"

Beringi ikanasa konani, gari likapinduka, Kuramochi akafa papo hapo.

Majira ya baridi, mjane wake Hatsue alimwita Isomura aje kulifungua gari lile achukue vipuri.

"Beba vyote, shemeji. Huo mngurumo nimeuchoka."

"Mngurumo gani?"

Hatsue akamkabidhi ufunguo wa banda la gari, akarudi ndani.

Bandani mlikuwa na giza totoro. Isomura akausikia: mngurumo mzito wa beringi iliyosagika, ukipanda na kushuka kama gari linalokata kona. Akapapasa hadi lilipo gari, akalizunguka kwa mikono. Lilikuwa juu ya magogo, halina tairi hata moja, bodi nzima imeganda barafu.

Mngurumo ukakatika.

Kwa mazoea tu, akaweka kiganja kwenye habu ileile. Ikamuunguza.