Kiganja Kilichozidi Uso

Saa tano kamili asubuhi, mteja aliyefuata picha zake za pasipoti alichungulia kioo cha mlango, akamwona Mama Picha amekufa kwenye kiti cha studio yake. Pampu yake ya pumu ilikuwa juu ya kabati, mahali ambapo mzee kama yeye, wa magoti mabovu, asingefika. Daktari alikadiria alikufa kama saa nne na nusu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, wala haukuvunjwa.

Jioni, kitindamimba wake, binti aliyemuuguza miaka sita, alikuwa mahabusu. Funguo walikuwa nazo yeye na kaka yake tu. Alidai alitoka saa nne kwenda sokoni, ila hakuna aliyemwona. Kaka mtu alikuwa na ushahidi mfukoni, na machozi ya mamba ya kuusindikiza.

"Tazama, Afande," alimwambia mpelelezi, mwanamke mmoja mkavu asiyependa porojo, akamkabidhi picha. Pembeni mwake, kamera ilikuwa imechapa 10:20, yaani saa nne na dakika ishirini. "Nilikuwa barazani, ghorofa ya ng'ambo ya uchochoro. Dirisha liko wazi, mama ananipungia mkono, mzima kabisa. Mdogo wangu nilimsikia mle ndani. Sasa nani kaipandisha dawa kabatini?"

"Umemfikiaje kwa mbali hivyo?"

"Kamera hii ndogo ina masafa mawili. Unabonyeza swichi, lenzi ya milimita thelathini na tano inakuwa ya sabini. Inamvuta mtu, basi."

Kesho yake saa nne, mpelelezi alichukua kamera hiyo na ya marehemu, nayo ndogo ya zamani, iliyoishia milimita sitini. Alimketisha askari kwenye kiti kile, mkono mbele, akampiga picha kutoka barazani kwa kila upande wa swichi. Kisha akaingia ndani, akasimama hatua mbili mbele yake, akarudia.

Picha zilisafishwa mchana. Kamera ya mama ilitoa picha kali zaidi, ya kaka ilivuta zaidi. Lakini za barazani zote zilifanana kwa jambo moja: kiganja na uso vililingana. Katika za ndani, kiganja kiliuzidi uso mara mbili.

Saa kumi aliwaita ndugu wote wawili.

"Katika picha yako, kiganja cha mama yako ni kikubwa mara mbili ya uso wake. Swichi haifanyi hivyo. Ukaribu ndio unaofanya. Hukuwa barazani. Ulikuwa mbele yake, karibu akuguse."

"Lakini uso wa hapa na wa picha za barazani ni ukubwa uleule!" kaka alifoka. "Ukivuta au ukisogea, si sawa tu?"

Dada aliinua kichwa. "Mama alikwambia miaka ishirini kwamba si sawa. Kila siku alikwambia, sogeza miguu kwanza."

"Alinichania picha mbele ya wateja! Akasema hata mbuzi angepiga vizuri zaidi. Kisha studio akakupa wewe!"

Dada aliivuta picha ile karibu. Ndipo alipouona mkono wa mama yake ulivyo, vidole vimekunjuka kuelekea kwenye lenzi.

"Hapungi," alisema. "Kaka, mama anaomba dawa yake. Wewe ukampiga picha?"

Askari alishamfunga kaka pingu. Naye aliitazama picha mezani kwa fahari isiyo na haya.

"Nilipiga sita," alisema. "Hakunikosoa hata moja."